Machozi Mbele ya Picha za Kuchorwa
Mhadhara uliotolewa mbele ya wazazi, walimu na wapenzi wa filamu

Kamati iliyonialika nimekwisha kuishukuru faraghani, nami naishukuru tena hadharani, kwa sababu si kila kamati ingeridhia mhadhara mzima utolewe juu ya filamu za katuni, ambazo aghalabu tunawawashia watoto ili tupate nafasi ya kupika au kupumzika, kisha tukaondoka tukawaacha nazo.

Nia yangu ni kusema nanyi juu ya namna watazamaji, wakubwa kwa wadogo, wanavyoipokea filamu ya katuni iliyotengenezwa kwa ajili ya familia, ambayo ndani yake njozi za mtoto na majonzi ya kupoteza vimewekwa pamoja. Nitaichukua hasa filamu iitwayo Inside Out, iliyotoka Marekani mwezi Juni mwaka 2015, na baada yake Coco ya mwaka 2017. Nyingine nitazigusa kwa kupita. Dai langu ni moja, nalo nalitoa mapema ili msikilizaji ajue la kuniuliza mwishoni: machozi yanayomtoka mtu mbele ya picha iliyochorwa ni machozi ya kweli, yana haki ya kustahiwa kama yale ya matangani, na mzazi anayeyanyamazisha anamnyima mtoto wake elimu ambayo hakuna skuli itakayompa.

Kwa wasioiona Inside Out, kisa chake ni hiki. Binti wa miaka 11, jina lake Riley, amezaliwa na kukulia Minnesota, jimbo la baridi kali ambako watoto hucheza mpira wa magongo juu ya barafu. Wazazi wake wanahamia San Francisco, na pale binti anajikuta hana rafiki, hana timu, na chumba chake ni kitupu kwa kuwa lori la mizigo limechelewa. Hayo ndiyo ya nje. Ya ndani, ambayo ndiyo filamu hasa, yanatendeka kichwani mwake, ambamo hisia tano, Furaha, Huzuni, Hofu, Hasira na Karaha, zimeshika usukani kwa zamu kama manahodha watano wa jahazi moja. Mwongozaji wake, Pete Docter, aliianza kazi hii baada ya kumwona binti yake mwenyewe, aliyekuwa mchangamfu, akigeuka mkimya alipofikia umri huo. Akawaita wataalamu wa saikolojia, wakiwamo Paul Ekman na Dacher Keltner, wamshauri. Filamu ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Cannes mwezi Mei mwaka 2015, ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, na mapato yake duniani yakapita dola milioni 850. Hesabu hiyo naitaja kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba filamu ambayo kiini chake ni kumtetea Huzuni ilipokewa na umma mkubwa kiasi hicho, na umma haununui tiketi kwa fedha zote hizo ili uende kusikia jambo lisilouhusu.

HOJA YA KWANZA: Wakubwa na wadogo huketi katika ukumbi mmoja, walakin hawatazami filamu moja.

Ndani ya kichwa cha Riley anaishi kiumbe aitwaye Bing Bong, rafiki wa kuwaziwa aliyebuniwa na binti huyu alipokuwa na umri wa miaka mitatu. Mwili wake ni wa sukari ya rangi ya waridi iliyosokotwa mithili ya pamba, ile inayouzwa vijitini siku za sikukuu. Ana mkonga wa tembo, ana kitu cha paka na kitu cha pomboo, na akilia, machozi yanayomwagika ni peremende. Zamani yeye na Riley walikuwa na kigari walichokifanya roketi, ambacho nguvu yake haikuwa mafuta bali wimbo, nao waliahidiana kwenda mwezini. Sasa Riley amekua, hamwazi tena, na Bing Bong anazurura katika vichochoro vya kumbukumbu akingoja siku atakayokumbukwa.

Yeye na Furaha wanaanguka katika shimo la kumbukumbu zilizotupwa, mahali ambapo kila kitu kinageuka jivu. Wanakipata kile kigari, wanapanda, wanaimba kwa sauti kuu, kinapaa, kinashindwa kufika ukingoni, kinarudi chini. Wanajaribu tena, kinashindwa. Mara ya tatu Bing Bong anamhimiza Furaha aimbe kwa nguvu zaidi kuliko alivyowahi kuimba, na kigari kinapoondoka yeye anaruka chini kimyakimya ili uzito upungue. Furaha anafika juu, anageuka kwa shangwe, anaona kiti cha nyuma hakina mtu. Kule chini rafiki yake anarukaruka kwa furaha, huku mwili wake unafifia, na ombi lake la mwisho ni kwamba yule binti afikishwe mwezini kwa niaba yake.

Wazazi wengi waliowapeleka watoto wao kuitazama walisimulia jambo lilelile: mtoto alicheka peremende zilipomwagika, akasikitika kidogo Bing Bong alipotoweka, kisha akaendelea na bisi zake, baba mtu au mama mtu pembeni yake ndiye aliyekuwa akijifuta macho gizani, na mtoto akamgeukia kwa mshangao. Kwa nini ikawa hivyo? Wako waliosema kwamba watengenezaji wamewatungia wakubwa filamu na kuwauzia watoto, nami sikubaliani nao. Mtoto wa miaka mitano hajampoteza bado rafiki yake wa kuwaziwa. Anaye nyumbani, chini ya kitanda au nyuma ya mlango, na kumwambia kwamba siku moja atamsahau ni kumwambia habari za nchi asiyoijua. Mkubwa ndiye aliyesahau. Anapomwona Bing Bong anafifia anatambua ghafla kwamba naye aliwahi kuwa na kiumbe wa namna hiyo, au mchezo, au jina alilokuwa akiitwa na bibi yake pekee, na kwamba hakumbuki hata siku vitu hivyo vilipoondoka. Huo ni msiba usio na tarehe wala matanga, hakuna jirani aliyekuja kutoa mkono wa taazia, na kwa hiyo ulikuwa haujaliliwa.

Kuna jambo jingine katika mapokezi ya filamu hii linalostahili kuangaliwa. Watengenezaji walijua kwamba mtazamaji hutazama kwa kumbukumbu za kwao, ndiyo maana mboga anayoichukia Riley, ambayo Marekani ni brokoli, katika Japani iligeuzwa kuwa pilipili hoho, kwa sababu watoto wa huko brokoli wanaila vizuri na pilipili hoho ndiyo wanayoikataa; kwingine mpira wa magongo katika mawazo ya baba yake uligeuzwa kandanda; na kwa wasomaji wa Kiarabu kidole cha Bing Bong kinaposoma kibao cha hatari kilielekezwa kuanzia kulia. Mboga na michezo vilihitaji kutengenezwa upya. Kuagana kule shimoni hakukuhitaji.

HOJA YA PILI: Filamu hii inafundisha adabu ya kumfariji mfiwa, nayo ni adabu tunayoijua lakini hatuwapi watoto.

Kabla ya kufika shimoni, kigari cha Bing Bong kinasombwa na wafanyakazi wa kumbukumbu na kutupwa. Anaketi chini, hawezi kuendelea na safari. Furaha anamjia haraka: anamtekenya, anafanya sura za kuchekesha, anambunia mchezo, anamwambia waondoke kwa kuwa wamechelewa. Hakuna kinachosaidia. Ndipo Huzuni, ambaye Furaha amekuwa akimzuia asiguse chochote tangu mwanzo wa filamu, anakuja na kuketi kando yake, anamwambia kwamba pole, wamekichukua kitu ulichokipenda nacho hakirudi. Bing Bong anaanza kuelezea safari walizozifanya, analia peremende zake begani mwa Huzuni, mwishowe anafuta uso, anasimama, anasema yuko tayari. Furaha anauliza kwa mshangao, umefanyaje? Huzuni hana fani ya kuieleza. Alimsikiliza, basi.

Tukio hilo halichukui hata dakika tatu, nami nadhani ndilo zito kuliko yote katika filamu. Katika rasimu za awali mwenzake Furaha safarini alikuwa Hofu. Miaka kadhaa ya kazi ilikwisha kupita kabla mwongozaji hajatambua kwamba hadithi haiendi, kwamba anayehitajiwa safarini ni Huzuni, kwa kuwa huzuni ndiyo inayowakusanya watu. Nasi hapa tungeweza kumwambia hivyo tangu mwanzo. Nani kati yetu hajaingia nyumba ya msiba akaona mama wa makamo amekaa mkekani karibu na mfiwa, hasemi kitu, mkono wake uko juu ya goti la mwenzake, na jioni ikafika akaondoka, na mfiwa baada ya miaka kumi akamkumbuka yeye kuliko wote waliotoa nasaha ndefu? Elimu hiyo tunayo. Ila watoto tunawaondoa. Mauti yakiingia nyumbani, mtoto hupelekwa kwa shangazi mtaa wa pili, akirudi anaambiwa baba amesafiri. Akilia, hususan akiwa mwanamume, anaambiwa nyamaza, wewe si mwanamume? Ikawa mtu anafika umri wa kuwa mfariji bila ya kupata kumwona mfariji kazini. Walimu na washauri wa watoto katika nchi nyingi waliichukua filamu hii wakaifanya chombo cha kumpa mtoto majina ya yale yaliyomo moyoni mwake, na mtoto aliyeshindwa kusema ninaumia akaweza kusema leo Huzuni ndiye aliyeshika usukani. Walimu mlio hapa, naomba mlizingatie hilo.

HOJA YA TATU: Njozi haimtoroshi mtu katika msiba.

Hii nitaipitia upesi, kwa sababu ushahidi wake ni mwingi na wa zamani. Mwaka 1942 watazamaji wa Bambi walisikia mlio wa bunduki wakaona theluji ikianguka, na mama wa yule mtoto wa paa hakuonekana tena. Maiti yake haikuonyeshwa, nao watu wakaondoka na simanzi ambayo wengine waliichukua hadi uzeeni. Walt Disney, mtengenezaji wa filamu hiyo, alikuwa amefiwa na mama yake mwenyewe miaka minne kabla. Mwaka 2009 filamu ya Up ilifungua tamasha la Cannes, ya kwanza ya katuni kupewa heshima hiyo, na mwanzoni mwake ndoa nzima ya mume na mke inapita kwa dakika nne hivi bila ya neno, kuanzia harusi hadi mazishi. Baada ya hapo mzee yule anafunga maputo katika nyumba yake akaruka nayo. Nyumba inayoruka ni njozi tupu, lakini tazameni kilichomo: viti viwili, picha za mkewe, na ahadi ambayo hakuitimiza. Mzee ameuchukua msiba wake wote akapaa nao. Na katika The Boy and the Heron ya Miyazaki Hayao, iliyotoka Japani Julai 2023 bila ya tangazo la filamu, bango moja tu, mvulana Mahito aliyefiwa na mama yake kwa moto wa hospitali katika Tokyo ya wakati wa vita anaingia mnara wa ajabu, na ndani yake anakutana na msichana anayetawala moto, ambaye ndiye mama yake akiwa mtoto. Msichana anajua atakavyokufa, naye anachagua kurudi katika zama zake kwa sababu bila ya kurudi hatamzaa Mahito. Wengi walitoka ukumbini wakisema hawakuielewa. Naamini kwamba aliyefiwa na mama yake angali mdogo aliielewa.

Mtanijibu kwamba mtoto ataota ndoto mbaya. Huenda akaota, na mzazi ndiye ajuaye mwanawe anaweza kubeba nini na lini. Mtoto wa miaka mitatu simpendekezei Bambi. Lakini kumbukeni ngano za yatima na mama wa kambo tulizosimuliwa barazani usiku, taa imepunguzwa, tukaitikia pakawa na kulia pale yatima alipofukuzwa. Hatukuambiwa kwamba tumedhuriwa. Tulilia tukiwa tumemwegemea msimulizi, na hapo ndipo ilipo tafauti yote kati ya majonzi yanayomjenga mtoto na yale yanayomtisha.

HOJA YA NNE: Watazamaji huipokea kwa moyo filamu iliyowastahi wafu wao.

Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 2013, wakati Coco ingali kazini, kampuni ya Disney iliomba kuimiliki kama alama ya biashara jina la sikukuu ya wafu ya watu wa Mexico, Día de los Muertos. Watu wenye asili ya Mexico walioishi Marekani walighadhibika, maelfu wakatia saini malalamiko, na mchora katuni Lalo Alcaraz akachora kibonzo cha kuikebehi kampuni. Ombi likaondolewa. Baadaye Alcaraz huyohuyo akaitwa awe mshauri wa filamu, pamoja na wengine, naye akakubali, jambo ambalo baadhi ya wenzake walimlaumu kwalo. Nasema hivi ili tutambue kwamba mapokezi ya filamu hii yalianza miaka minne kabla haijaonyeshwa, na kwamba ghadhabu ya watazamaji ni sehemu ya yaliyoifanya iwe nzuri. Ilifunguliwa Mexico mwishoni mwa Oktoba 2017, karibu mwezi mzima kabla ya Marekani, ikienda sambamba na sikukuu yenyewe, na katika wiki chache mapato yake huko yakaipita kila filamu iliyowahi kuonyeshwa nchini humo.

Katika Coco, maiti anaishi katika nchi ya wafu madamu yupo duniani mtu anayemkumbuka. Akisahauliwa na wa mwisho, anakufa mara ya pili, na huko aendako hakuna ajuaye. Mvulana Miguel anakutana na marhumu Héctor ambaye anakaribia kufifia, kwa kuwa aliyebaki kumkumbuka ni binti yake Coco, naye ni ajuza ambaye akili yake inazimika. Miguel anarudi nyumbani mbio, anampigia bibi huyo gitaa, anamwimbia wimbo ambao babake alikuwa akimwimbia utotoni. Tazameni mikono ya yule bibi mkiiona filamu: kidole kimoja kinaanza kutikisika, kisha midomo inaifuata sauti, kisha macho yanafunguka. Halafu anaifungua droo, na ndani mna kipande cha picha kilichochanwa, uso wa babake, aliouficha maisha yake yote katika nyumba ambayo kumtaja babake kulikuwa haramu.

Mwenyekiti, wazo hilo halikunifikia kama mgeni, wala sidhani litakuwa geni kwa wengi humu. Mwanazuoni wetu marhumu John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, miaka 48 kabla ya Coco, aliandika kwamba kwa watu wengi wa Afrika aliyekufa hubaki katika sasa madamu kuna aliye hai aliyemjua na kumkumbuka kwa jina, na kwamba akifa wa mwisho wa kumkumbuka, ndipo marehemu anapozama katika zamani. Sisemi kwamba watengenezaji wa Coco walimsoma Mbiti. Nasema kwamba kilichowaliza watu wa Mexico kina ndugu yake hapa, katika majina ya babu tunayowapa wajukuu, katika hitima tunazosoma, katika misa za kuwaombea marehemu. Baadhi yenu mtakuwa na wasiwasi wa kiitikadi, na wasiwasi huo nauheshimu: Mwislamu hamwekei maiti wake chakula wala hamtarajii usiku wa sikukuu, na sikuleta filamu hii ili mtu abadilishe imani yake. Lakini kumtaja aliyetangulia mbele ya mtoto, kumwombea, na kumwonyesha mtoto picha yake, hayo hakuna dini kati ya zetu iliyoyakataza.

Sasa nije katika yaliyo mbele yetu. Ufundi wa katuni tunao. Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010; Ubongo Kids ya Dar es Salaam inawafundisha watoto wetu hesabu na sayansi tangu mwaka 2014, kwa Kiswahili chao wenyewe. Kilichobaki ni hadithi. Mwana Kupona wa Pate, alipokuwa mgonjwa akijua safari yake imekaribia, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Hakumficha binti hali yake, alimwita akae karibu amsikilize. Mimi ningependa, kabla sijafumba macho, kuona filamu ya katuni ya familia kutoka pwani hii au kutoka bara letu, juu ya mtoto ambaye baba yake alitoka na mashua asirudi, au ambaye bibi yake msimulizi amefariki na ngano zake hazina wa kuzisimulia. Na iwe na kicheko, na viumbe wa ajabu, na machozi, na isimfiche mtoto kwamba aliyekufa amekufa. Vijana wachoraji mlio nyuma kule, wanaostahili kuitunga ni ninyi.

Kwa wazazi na walimu nina ombi la karibu zaidi. Kamati imenidokeza kwamba ukumbi huu una mtambo wa kuonyeshea filamu na kwamba Jumamosi nyingi unakaa mtupu. Napendekeza Coco ionyeshwe hapa kabla ya likizo kwisha, wazazi waje pamoja na watoto wao na wala wasiwaache mlangoni, na baada ya filamu taa ziwashwe lakini milango isifunguliwe mpaka ipite saa nzima ya mazungumzo, ambamo wa kwanza kusema wawe watoto. Mtoto akiuliza juu ya babu yake, atajiwe jina lake, aambiwe alikufa lini na amezikwa wapi. Mzazi akilia mbele ya mwanawe, asiinuke kwenda nje. Mimi nitakuja, inshallah, na wajukuu wangu.